Kila Kichwa na Fumbo Lake

Jumamosi, 6 Juni

Wateja leo: mmoja. Naye hana nywele.

Ni mzee wa nyumba ya pembeni, mstaafu wa idara ya maji. Mtaa mzima unamwita Msoma Mita, kwa kuwa maisha yake ya kazi aliyamaliza ameinamia mita za watu. Kichwa chake ni upara mtupu. Namwamkia, anaitikia, anakaa kwenye benchi, anatazama barabara, anaondoka. Tangu mkewe afariki mwaka jana, nyumba imekuwa kubwa kuliko yeye. Namhurumia kwa dhati. Lakini huruma haiendeshi duka la kinyozi.

Ng'ambo ya barabara foleni imetoka mpaka nje. Huko kuna kinyozi mpya. Mimi namwita Runinga, kwa sababu ameweka runinga pana kuliko mlango wangu, na watu wananyolewa huku wakitazama mpira. Leo mmoja alitoka na ndevu upande mmoja tu, akishangilia bao.

Mke wangu amenikalisha kitako. Amesema Jumamosi ijayo ikikuta kiti changu bado kitupu, nafunga, naenda kufanya kazi kwa kaka yake. Shemeji ana duka la chakula cha kuku. Kazi yangu itakuwa kupima pumba. Ovaroli imeshashonwa, tena kwa vipimo vyangu. Nilipouliza vipimo vilitoka wapi, mke wangu akatazama dari.

Kiti hiki aliniachia baba. Mimi mwenyewe nilinyolewa juu yake kwa mara ya kwanza, nikilia. Niliamini nitazeeka nimesimama nyuma yake. Sasa naambiwa pumba!

Jioni nikawasha redio, nikafagia sakafu isiyo na nywele. Kulikuwa na kipindi kuhusu mafumbo ya ulimwengu. Nikaacha kufagia. Mtangazaji alisema sehemu kubwa ya ulimwengu imejaa kitu kisichoonekana. Ni kitu gani? Akasema huko angani kuna mashimo meusi yanayomeza kila kitu, hata mwanga. Vinavyomezwa vinaishia wapi? Ulimwengu una mwisho? Tuko peke yetu? Kisha akashusha sauti, akasema kwamba baada ya miaka mingi ya utafiti, wanasayansi wote wanakubaliana kuwa...

Umeme ukakatika.

Nilikaa gizani nimeshika ufagio, nikiwa na hamu ya jibu kama mtu mwenye kiu. Ndipo nikaelewa. Kama mimi ningetoa chochote kulipata jibu lile, watu wengine je?

Runinga ana mpira. Mimi nitakuwa na ulimwengu.

Jumapili, 7 Juni

Mpango ni huu. Kila anayenyolewa anapewa fumbo moja. Jibu anapewa atakaponyolewa tena. Mchovya asali hachovyi mara moja. Nimeshangaa kwamba hakuna kinyozi aliyewahi kuliwaza jambo hili, kisha nikakumbuka kwamba si kila kinyozi ni mimi.

Nimeandika kibao mwenyewe, kwa rangi iliyobaki tulipopaka mlango wa choo. KILA KICHWA NA FUMBO LAKE. Kikapendeza. Chini ikabaki nafasi, nami sipendi nafasi ipotee bure, nikaongeza: SHIMO JEUSI LIMO NDANI. KARIBUNI.

Mke wangu amekisoma kutoka mlangoni, mikono kiunoni. Amesema mtu asiyejua soksi zake ziko wapi ataujuaje mwisho wa ulimwengu. Nikamjibu kwamba soksi ni suala la ndani. Akauliza kama majibu ninayo. Nikasema yapo. Sikusema yako wapi, kwa kuwa hakuuliza.

Jumatatu, 8 Juni

Wamekuja!

Wa kwanza Mpishi wa hoteli ya kona. Alisema amekuja kuona tu. Nikamkalisha kabla hajamaliza kuona. Nilipofika kisogoni nikamwambia, kwa sauti ya chini kama ya redio, kwamba chumba hiki, barabara ile na anga lote vimejaa kitu asichokiona. Akatazama pembeni. Akauliza ni kitu gani. Nikakung'uta shuka, nikamwambia arudi nywele zikiota.

Alikasirika vizuri sana. Alitoka akizungumza peke yake.

Baada ya muda mfupi akaja Fundi Geti, yule wa kuchomelea vyuma, kwa sababu Mpishi alimpitia kumlalamikia. Huyo nikampa mwisho wa ulimwengu. Nikamwuliza, ukifika mwisho, nyuma yake kuna nini? Aliinuka kwenye kiti mara mbili na povu usoni.

Saa nane akaingia Bwana Afya. Nikafurahi, kwa kuwa nywele zake zilikuwa ndefu. Lakini hakutaka kunyolewa. Alitaka kuonyeshwa shimo. Alisema ofisi imearifiwa kwamba katika jengo hili kuna shimo jeusi lisilo na mfuniko, na wateja wanakaribishwa ndani yake.

Nikamweleza kwamba shimo liko angani. Akatazama dari. Nikamweleza kwamba linameza kila kitu na hakuna kinachotoka. Akasema mashimo yote ya mtaa huu yako hivyo, ndiyo sababu ameajiriwa. Alikagua chini ya kiti, nyuma ya kabati, akafungua hata ndoo. Mwisho akaniamuru niliondoe shimo kibaoni kabla ya keshokutwa, au nilijengee ukingo.

Alipofika mlangoni akageuka. Akauliza, hata mwanga hautoki? Nikasema hata mwanga. Akasimama kidogo, kisha akarudi kukaa kwenye kiti. Wateja watatu kwa siku moja! Mke wangu amehesabu vichwa kwa vidole, mara mbili, akasema tutaona.

Jumanne, 9 Juni

Nimefuta shimo kibaoni. Badala yake nimeandika: NYOTA PIA.

Kosa. Kabla ya saa nne walikuja kina mama wawili, mmoja na kijana wake mwenye usaili kesho, wakitaka nyota zisafishwe. Niliwaeleza kwamba mimi husafisha ndevu tu. Mama mmoja akasema basi kibao kinadanganya watu wenye shida zao. Kijana nilimnyoa vizuri sana, kwa aibu. Mama yake akamtazama, akasema naam, sasa nyota imeng'aa. Nimefuta nyota.

Runinga naye ametoa kibao: KWETU HAKUNA MAFUMBO, KUNA MPIRA. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Mchana Msoma Mita aliinuka kwenye benchi, akaja akakaa kwenye kiti. Akasema na yeye anyolewe. Nilimtazama kichwani, nikamtazama usoni. Hakuwa anatania. Basi nikamfunga shuka, nikachukua mkasi, nikawa nakata hewa pembeni mwa masikio yake. Taratibu, kwa heshima. Alifumba macho.

Nilipomaliza akaomba fumbo lake. Nilikuwa nimeyagawa karibu yote, likabaki moja. Nikamwambia, watu wanatazama anga tangu zamani, wakisikiliza kama kuna yeyote huko. Je, tuko peke yetu?

Kisha akauliza jibu ni lini. Nami kwa mazoea nikasema, nywele zikiota, mzee wangu. Akapitisha kiganja kichwani, akasema basi yeye atasubiri sana.

Alicheka kidogo, nikacheka. Lakini jioni nilijikuta nikilitazama lile benchi.

Jumatano, 10 Juni

Kuna jambo ambalo sikulipigia hesabu. Watu hawasubiri nywele ziote.

Mpishi amerudi asubuhi. Kichwa bado ni cheupe tangu juzi. Amekaa, amesema ninyoe. Nikamwambia hakuna cha kunyoa. Akasema nimemnyoa Msoma Mita, na akasema tena kwamba juzi usiku alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi akiwaza kile kitu kisichoonekana, wateja wakagoma kula. Anataka jibu lake.

Nilibanwa. Nikamwambia ni masizi. Ulimwengu umewaka miaka mingi, masizi hayakosi. Mpishi akaridhika, maana masizi anayajua.

Saa moja baadaye Fundi Geti, naye na kichwa kama yai. Nikamwambia nyuma ya mwisho wa ulimwengu kuna kivuli, na kivuli hicho ndicho kile kitu kisichoonekana. Nilijiona mwerevu, nimeua mafumbo mawili kwa jibu moja.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kutoka mlangoni kwangu mpaka hoteli ya kona. Walikutana kwenye chai. Wakarudi pamoja, mmoja akisema masizi, mwingine akisema kivuli, wote wakinitazama mimi. Fundi Geti alikuwa bado na nyundo yake ya kazini.

Niliapa kwamba Jumamosi nitatoa majibu yote, ya kweli, mbele ya kila mtu. Wakasema watakuja. Wakasema wataleta wenzao. Wakasema jibu lisipopatikana, ng'ambo kuna viti vizuri zaidi na mtu hadanganywi.

Jumamosi! Siku ileile ya ovaroli.

Si neno. Kipindi kinarudiwa kesho mchana redioni. Nitasikiliza tu mwisho wake. Kitu rahisi namna hiyo kitaharibikaje?

Alhamisi, 11 Juni

Naandika nimevaa kofia. Nitaeleza.

Mchana umeme ulikatika tena, mtaa mzima. Betri za redio nilizitia kwenye saa ya ukutani mwezi uliopita, nazo saa ilishazimaliza. Mke wangu alikuwa ameenda kwa kaka yake. Dakika zinakimbia. Na ng'ambo, jenereta ya Runinga inanguruma.

Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikavuka. Nikabadilisha sauti, nikaomba kunyolewa. Runinga akanivua kofia, akanivua miwani, akasema karibu sana mwenzangu, kinyozi hajinyoi. Watu wote wakacheka. Kiti chake ni cha ngozi. Kinazunguka. Sitaki kukizungumzia.

Nikamwomba azime runinga, afungue redio. Mpira haukuwepo saa ile, akakubali, akaanza kunyoa kuanzia kushoto. Mtangazaji yuleyule, maneno yaleyale. Kitu kisichoonekana. Mashimo. Mwisho. Tuko peke yetu? Baada ya miaka mingi ya utafiti, wanasayansi wote wanakubaliana kuwa... na mashine ya Runinga ikawa inalia ndani ya sikio langu.

Nikapiga kelele azime mashine. Akazima, kwa mshtuko. Redio ikasema:

"...hakuna ajuaye. Kwa herini."

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka nikiwa katikati ya barabara na shuka la Runinga shingoni, nusu ya kichwa nimenyolewa, nusu bado. Nyuma yangu Runinga alikuwa ameshaelewa kila kitu. Alisimama mlangoni, akawatangazia wote kwamba jirani hana jibu hata moja, na kwamba Jumamosi atasimamisha kazi ili wote wavuke kuja kutazama.

Hakuna ajuaye! Kwa nini hawakusema mwanzoni mwa kipindi?

Ijumaa, 12 Juni

Nimefunga. Kibao nimekigeuza.

Nilijaribu kumalizia kichwa mwenyewe kwa vioo viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Mkono ukienda kulia, kwenye kioo unakwenda kushoto. Nilikata sikio. Kisha nikakata lile jingine, nikilikimbia la kwanza.

Mke wangu aliingia akanikuta hivyo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha hakucheka tena. Akanifuta damu kwa upindo wa kanga yake, akasema kwamba pumba na ovaroli si kitu, lakini limemuuma kusikia mtaani kwamba mume wake alivuka barabara kwenda kuaibika mbele ya adui badala ya kumwambia yeye kwamba hajui. Akasema mficha uchi hazai. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kidogo.

Akajaribu kunimalizia yeye. Akashindwa, kicheko kilimrudia kila alipoyaona masikio. Akaenda kugonga nyumba ya pembeni.

Msoma Mita alikuja na miwani yake ya zamani ya kazini. Akaniinamisha kichwa, akakisogelea karibu kabisa kama mita ya maji, akaanza kunyoa. Polepole mno. Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, upande wa mteja, mara ya kwanza tangu baba alipokuwa hai.

Nikaona bora nimwambie yeye kwanza. Nikamwambia jibu lake halipo. Tuko peke yetu au hatuko peke yetu, hakuna ajuaye. Hata wanasayansi. Nikamwomba radhi kwa kumfanya asubiri.

Wembe ukasimama. Nilipoinua macho kwenye kioo, mzee alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka. Akavuta benchi, akakaa.

Akasema tangu mkewe aondoke, kila anayekuja kumpa pole huja na jibu. Mmoja anamwambia yuko wapi. Mwingine anamwambia kwa nini ilikuwa yeye. Mwingine anamwambia maumivu yatakwisha lini. Wote wanajua. Yeye peke yake hajui, na amekuwa akijiona mjinga ndani ya nyumba yake. Akasema mkewe alikuwa na tabia, wakilala, humwuliza maswali ya ajabu: mbingu zimeshikwa na nini, huko juu kuna watu? Naye humjibu sijui, mama. Naye mkewe humwambia hata mimi. Kisha wanalala usingizi mzuri.

"Sikutaka jibu, kijana," akasema. "Nilitaka mtu wa kutojua naye."

Akamalizia kunyoa. Amenyoa vizuri kuliko Runinga. Nililia, nikasingizia nywele zimeingia machoni. Akasema yeye hajawahi kupata tatizo hilo.

Jumamosi, 13 Juni

Nieleze kwa utaratibu, ingawa mikono imechoka.

Walijaa tangu saa mbili. Mpishi, Fundi Geti, Bwana Afya akiwa na nguo za nyumbani, na watu ambao sijawahi kuwaona. Yule kijana wa usaili na mama yake. Runinga akasimama mlangoni kwangu, mikono kifuani, anatabasamu. Shemeji naye akafika na ovaroli begani. Ni ya kijani. Mgongoni imeandikwa MPIMA PUMBA.

Nilikuwa na mpango. Nilikusudia kusema kwamba majibu nimeyapata, lakini ni mazito mno, yangewadhuru, na kwa usalama wa afya zao nitayatoa kidogokidogo kwa mwaka mzima. Niliufanyia mazoezi mbele ya kioo. Ulikuwa mpango mzuri na bado nautamani.

Nikasimama kwenye stuli. Nikafungua mdomo. Nikamwona Msoma Mita kwenye benchi, amevaa koti lake la siku kubwa, ananitazama kama mtu aliyekuja kumwona mwanawe akipewa cheti. Mpango wote ukanitoka.

Nikasema hakuna ajuaye.

Nilisikia jenereta ya ng'ambo. Mpishi akauliza kwa sauti ndogo, hata wanasayansi? Nikasema hata wao. Fundi Geti akauliza, hata wale wenye darubini kubwa? Nikasema hao ndio wa kwanza kukiri. Mke wangu, pale nyuma, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Shemeji akaanza kuikunjua ovaroli.

Runinga akacheka. Akawaambia si niliwaambia, hajui lolote. Ndipo Msoma Mita akainuka, polepole kwa sababu ya magoti, akamwuliza Runinga kwa adabu kamili: na wewe, bwana mdogo, unajua?

Runinga akasema, aa, mimi...

Basi, akasema Msoma Mita, karibu ukae. Akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni Mpishi. Alisema kama hakuna ajuaye, basi na yeye ana haki ya kusema. Kile kitu kisichoonekana, kwa maoni yake, ni kama chumvi ndani ya mchuzi: huioni, lakini isipokuwepo unajua. Fundi Geti akapinga. Akasema suala ni mwisho, na mwisho wowote lazima uwe na geti, na yeye anataka kumjua aliyelichomelea. Bwana Afya akasimama kutetea mashimo. Mama wa kijana akasema wanaume wamezungumza saa nzima na hakuna aliyeuliza vitu hivi vyote vilikuwa wapi kabla havijakuwepo. Wote wakanyamaza kwa heshima, kisha wakazomeana upya.

Hakuna aliyeondoka. Na mtu akikaa mahali hapo muda mrefu anajiona kwenye kioo, na akijiona anataka kupunguza kidogo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na leo nimekata za wote. Nilinyoa nikibishana, nikabishana nikinyoa. Kiti hakikupoa mpaka jioni. Ng'ambo mpira ulichezwa, runinga ikashangilia peke yake.

Shemeji alisimama na ovaroli mpaka saa sita, anasikiliza. Kisha akashindwa kuvumilia, akasema ikiwa ulimwengu unatanuka, kama alivyosikia, basi ni gunia, na gunia halitanuki bila mtu wa kujaza, na yeye katika biashara hiyo hadanganywi. Walimpinga. Akapandwa na hasira, akakaa kwenye kiti ili abishane vizuri. Shuka langu lilikuwa limelowa. Mke wangu akachukua ovaroli, akamfunga nayo shingoni, nikamnyoa.

Runinga ndiye wa mwisho kutoka. Aliniomba radhi kwa lile sikio, ingawa masikio nilijikata mwenyewe. Akauliza kama Jumamosi ijayo anaweza kuja tena, ana wazo kuhusu mashimo.

Nina furaha kiasi kwamba nimeshindwa kula. Kiti cha baba kinabaki.

Jumatatu, 15 Juni

Wateja leo: kumi na mmoja, bila kumhesabu Msoma Mita, ambaye sasa ana nafasi yake kwenye benchi na hufika kabla yangu. Leo Bwana Afya alimpisha mgeni akae, Msoma Mita akamwuliza mgeni yeye ni upande wa geti au wa gunia. Mzee amenenepa kidogo, au ni kucheka.

Jana mke wangu aliniambia nisisahau kilichotuokoa. Si ujanja, ni neno moja: sijui. Alinitaka niliandike nilione. Nimeliandika. Sijui. Hilo hapo.

Lakini nimekuwa nikiwaza.

Kama watu wanajaa hivi kwa sababu jibu halipo, likipatikana je? Itabidi nivunje ukuta. Na hao wanasayansi wote walioulizwa, redio haikutaja kama miongoni mwao kulikuwa na kinyozi hata mmoja. Mtu anayeshinda nyuma ya vichwa vya watu huona mambo wasiyoyaona wenyewe. Nimeanza leo baada ya chakula cha mchana, kwa mwisho wa ulimwengu, kwa kuwa ndio mrefu. Kufikia jioni nilikuwa nimeuelewa mpaka karibu na kituo cha mafuta.

Mke wangu bado hajui. Nitamwambia mambo yakikamilika.

Kibao kipya tayari. KUANZIA JUMAMOSI: MAJIBU YOTE. Chini ikabaki nafasi, nikaongeza: MWISHO WA ULIMWENGU UTATANGAZWA HAPA. Rangi haijakauka, na tayari watu wawili wamesimama mbele yake wameshika vichwa. Dalili nzuri.

Kwa siku kama hiyo lazima niwe nadhifu, na nywele zimeanza kuchungulia. Msoma Mita amejitolea kuninyoa tena. Nimemshukuru, nikamwambia hakuna haja. Kosa la Ijumaa lilikuwa moja tu, vioo viwili. Leo nimenunua cha tatu.

Ameniona nikikiingiza mlangoni. Amesema tu kwamba kesho atapita mapema, na pamba.